Jani la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Sitaanza na babu yangu. Wala sitasema tulitoka wapi, nani alimzaa nani, na mto gani ulivukwa na nani akiwa amebeba nini kichwani. Nilishawahi kuanza hivyo, kurasa nyingi tu, na yaliyonipata nitayaeleza kabla sijamaliza. Naanza na sahani ya pilau. Mwezi wa sita mwaka huu nilialikwa Katumba kwenye kipaimara cha kitukuu wa marehemu Mama Devota. Nilitoka asubuhi hapa Ilembo, Mpanda mjini, ninapoishi tangu nistaafu ualimu, nikafika watu wanatoka kanisani. Nimekaa chini ya turubai, sahani magotini, nahangaika na mfupa, mara nasikia sauti nyuma yangu: "Msomaji!" Jamani. Nina miaka hamsini na minane. Wapo wanaoniita mwalimu, wapo wanaoniita bibi, na vijana wa bodaboda wananiita mama mkubwa. Jina la Msomaji ni la mwaka mmoja tu wa maisha yangu, na wengi waliokuwa wakiniita hivyo tumeshawazika. Niligeuka, nikamwona mzee mwembamba, koti limemzidi mabega, fimbo mkononi, anacheka kwa meno machache yaliyobaki. Alikuwa Mwalimu Nestori. Nilimpa shikamoo hata kabla sijameza.

Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipostaafu alihamia Karema, kwa binti yake aliyeolewa huko ziwani, na alisema kazi yake siku hizi ni kuota jua na kugombana na kuku. Akaniuliza mimi nafanya nini. Nikamwambia, kwa aibu kidogo, kwamba naandika kumbukumbu za maisha yangu, na kwamba nataka kuzichapisha mwenyewe pale mjini, nakala chache, za watoto na marafiki. Akazungusha fimbo yake mchangani. "Nipe nisome," akasema. Nikamjibu bado hazijakaa sawa. "Nipe hivyo hivyo. Lakini ujue, sheria ni ile ile ya bandani." Nilicheka. Kesho yake, kabla gari la Karema halijaondoka pale mjini, nilimkabidhi bahasha nene, akaiweka kwapani kama mtu aliyenunua kitenge. Nikarudi nyumbani roho juu, mtu mzima mimi, kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Na matokeo ndiyo niliyokuwa nikiyangoja mwaka ule wa Msomaji. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi Katumba, sina shughuli. Jirani yetu Mama Devota alikuwa mkulima wa tumbaku, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, asiyerudia neno. Ilipofika msimu wa kuchambua majani alinichukua bandani kwake. Kuchambua ni kazi ya macho: majani yakishatoka kwenye bani, kibanda cha kukaushia kwa moto, yanatengwa moja moja kwa rangi, ya limau huku, ya chungwa kule, ya kahawia pale, na yaliyochanika yanatupwa pembeni. Ukichanganya rangi, robota zima linakataliwa sokoni. Mimi nilichanganya. Siku ya kwanza nilichanganya, ya pili nikachanganya zaidi. Anastazia, rafiki yake Mama Devota, mwanamke wa kicheko kikubwa aliyekuwa akikaa karibu na mlango ili amwone kila anayepita, akanishika mkono. "Mawe, mama yangu! Huyu mtoto macho yake yamezoea herufi tu. Mpe kitabu atusomee, sehemu yake tutaichambua sisi." Ikawa hivyo. Wakanipa kigoda chini ya dirisha, nikawa Msomaji.

Banda lile nikifumba macho naliona mpaka leo. Kuta za matofali mabichi, paa la nyasi, dirisha moja kubwa upande wa mashariki, maana rangi ya jani inataka mwanga wa asubuhi. Tulianza mapema, jani likiwa bado laini kwa unyevu. Ikifika saa tano jua linalikausha, ukiligusa linavunjika, na kazi inasimama. Harufu yake ilikuwa tamu, ya asali iliyochanganyika na moshi, ikaingia kwenye nywele na kwenye kitenge, hata nikienda kanisani watu wakajua nilikokuwa. Saa nne Mama Devota alileta michembe ya viazi na karanga kwenye ungo, na mchana ugali na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese. Ijumaa, kama kuna mtu kapita kutoka ziwani, tulipata samaki, migebuka. Tulikuwa watu saba au wanane. Mzee Filipo peke yake ndiye mwanaume. Alikuwa hasikii sikio moja, kwa hiyo alikaa miguuni pangu akinielekezea lile zima, na mtu akikohoa anamkemea. Sijawahi kufundisha darasa lenye usikivu ule, na nimefundisha miaka thelathini na mbili.

Vitabu vilitoka kwenye sanduku la Mwalimu Nestori. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini, alinifundisha mimi mwenyewe, na ndiye mtu pekee niliyemjua mwenye vitabu visivyo vya shule wala vya sala. Vingi vilikuwa riwaya za kujichapia. Enzi zile makarani, makatekista na walimu wa huku kwetu walikuwa wakiandika sana. Mtu anapiga taipureta, anachonga stensili, anaomba mashine ya kudurufu kwenye ofisi fulani, anabana kurasa kwa pini ndani ya jalada la manila, anatuma nakala kwa madereva wa mabasi mpaka Tabora na Kigoma. Niseme kweli: nyingi zilikuwa hazisomeki. Wahusika wanahutubiana. Msichana anaelezwa uzuri wake kurasa nne kabla hajafungua mdomo. Jambazi anatubu bila sababu. Nikisoma za namna hiyo niliona watu wa bandani wanaanza kuulizana habari za mbuzi, na Anastazia anageukia mlangoni.

Hapo ndipo sheria ilipotumika. Mama Devota aliinama kwenye lile fungu la majani yaliyochanika, akaokota moja, akaninyooshea. Nikaliweka kwenye ukurasa nilipofikia, nikafunga kitabu, nikakitia kwenye kikapu kilichoning'inia ukutani. Hicho kimepewa jani, tunasema. Hakuna aliyekitukana, hakuna aliyekijadili. Tunachukua kingine. Kitabu cha kwanza kupewa jani nilisononeka, maana shuleni tulifundishwa kwamba ukianza lazima umalize. "Ugali ukiwa mbichi unaumaliza?" Mama Devota aliniuliza. Nikasema hapana. "Unaurudisha jikoni. Haya, soma kingine." Nilishusha pumzi ndefu. Mpaka leo nafurahia kuacha kitabu kuliko watu wengine wanavyofurahia kumaliza. Vijana wa hapa Mpanda wananiletea riwaya zao walizochapisha wenyewe, siku hizi majalada yanang'aa, kila moja lina picha ya binti anayelia, nami nawaambia bila kuzunguka: nimeishia ukurasa wa ishirini na mbili. Wengine hawarudi. Binti mmoja amerudi mara tatu na kitabu kile kile, na hiyo mara ya tatu niliunguza maharage nikikisoma.

Lakini mwaka ule sikuwa na ujasiri huo, na ndiyo maana nasimulia. Mwezi wa nne Mwalimu Nestori aliniita nyumbani kwake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa riwaya yake mwenyewe, *Mirathi ya Mzee Kasonde*, jalada la kijani, jina lake limeandikwa kwa mkono chini. Sikujua kabisa kwamba anaandika. Alikuwa ameiandika kwa miaka sita. "Wasomee kule bandani," akasema, "halafu uniambie ukweli. Wakiipenda, kitabu cha pili kipo kichwani." Vidole vyake vilikuwa na wino wa stensili mpaka kwenye kucha. Niliipokea kwa mikono miwili.

Ee bwana. Sura ya kwanza ilikuwa babu yake Mzee Kasonde. Sura ya pili, baba wa huyo babu. Ya tatu tukarudi kwa babu, anaoa. Kilikuwa Kiswahili safi, sentensi zimepigwa pasi, na hakuna kilichokuwa kikitokea. Asubuhi ya pili Anastazia aliuliza, "Samahani Msomaji, huyu mzee mwenyewe atazaliwa lini? Maana mimba hii imechukua muda." Banda likacheka, hata Mzee Filipo ambaye nadhani hakusikia. Nikaruka kurasa mbili, nikajaribu kupandisha sauti, nikamfanya bibi yake Kasonde aongee kama mtu mwenye hasira ingawa kitabu kilisema ni mpole. Wapi. Asubuhi ya tatu tulikuwa ukurasa wa arobaini na moja, bibi anakwenda kisimani kwa mara ya pili, Mama Devota akafuta mikono kwenye kitenge, akaokota jani. "Mama, ni cha Mwalimu," nikamnong'oneza. "Najua ni cha Mwalimu," akasema. "Ndiyo maana nimengoja siku tatu."

Jumapili baada ya misa Mwalimu alinisubiri nje ya kanisa, ameshika usukani wa baiskeli yake. Ilikuwa baiskeli nyeusi aliyoisugua kila Jumamosi kwa kitambaa na mafuta ya taa. Nilikuwa na sentensi yangu tayari: Mwalimu, kimepewa jani. Akaniuliza, "Walifika mwisho?" Nikamtazama usoni. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe. Nikasema, "Walifika." Neno lilitoka lenyewe. "Walisemaje?" "Mama Devota alilia." Sijui nililitoa wapi. "Alilia wapi?" akaniuliza, amenisogelea. Nikafikiri haraka: kitabu kinaitwa mirathi, lazima kuna mtu kafa. "Pale mzee anapofariki," nikasema. Macho ya Mwalimu yakajaa machozi pale pale mbele ya watu. "Hata mimi," akasema, "hata mimi nililia nilipoandika pale." Nikamrudishia kitabu chake, nikaondoka nikijiambia kwamba nimefanya jambo jema, nimemheshimu mwalimu wangu. Jani nikalisahau ndani.

Miezi mitatu ikapita. Msimu ulikuwa unakaribia kwisha, asubuhi kuna baridi, tumebakiza fungu la mwisho la majani, ndipo Mwalimu Nestori alipoingia bandani, jasho linamtoka, boksi begani. Alikuwa amekuja kwa miguu. Anastazia, ambaye hakosi kitu mlangoni, akamuuliza, "Mwalimu, baiskeli iko wapi?" "Imekuwa karatasi," akajibu, akalitua boksi na kulifungua. Ndani kulikuwa na nakala mpya za manila ya bluu: kitabu cha pili. Alikuwa ameuza baiskeli akanunua karatasi na wino. "Nimeona kwa kuwa nyie ndio mliokipokea cha kwanza kwa moyo," akasema, "hiki niwasomee mwenyewe." Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimpisha kwenye kigoda changu nikasimama ukutani, na ningeweza kusema wakati ule, mdomo ninao, lakini nikanyamaza. Alikohoa, akaanza: "Baada ya kifo cha Mzee Kasonde, kama tulivyoona..."

"Kafa?" Anastazia akasema. "Huyo si alikuwa hajazaliwa?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliinua macho, akatazama mmoja mmoja, akanifikia mimi, nikatazama chini. Akaendelea kusoma. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba aliendelea, kurasa mbili nzima, sauti inashuka, kwa watu wasiojua anamzungumzia nani. Mwishowe Mama Devota, ambaye hakujua lolote kuhusu uongo wangu na aliyekuwa akimtendea kama alivyowatendea wengine wote, akaokota jani akamnyooshea. "Hili ni nini?" Mwalimu akauliza. Mzee Filipo akamweleza kwa sauti ya juu ya mtu asiyesikia: kitabu kisipotushika tunakipa jani, Mwalimu, tunakiweka kikapuni, hakuna ubaya. Mwalimu aliligeuza lile jani huku na huku. "Kama lile la ukurasa wa arobaini na moja," akasema taratibu. "Mimi nilidhani ulikuwa unapumzika hapo."

"Nilikudanganya, Mwalimu," nikasema. Nilikuwa nalia tayari. Nikaeleza yote, misa, kilio cha Mama Devota, kifo nilichokibuni. Mama Devota aliacha majani. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile. "Kwa nini?" "Nilikuwa namheshimu, mama." "Heshima gani hiyo inayomwacha mtu atembee kwa miguu?" akasema. "Sisi tulikinyamazia kitabu. Wewe umemnyamazia mtu." Kisha akamgeukia Mwalimu, na nadhani ni kwa sababu hakujua la kufanya, akamuuliza aliyenunua baiskeli ni nani.

Mwalimu akajibu kwa hasira, kama mtu anayetoa malalamiko. Alisema ni mfugaji mmoja mgeni, aliyeingia na ng'ombe wake kutoka kaskazini, ambaye hakujua kuendesha. Aliilipia, akaikokota kwa pembe kama ndama. Kufika kwenye mteremko wa kisima akaona ajaribu, akapanda, na ng'ombe wake, kuona bwana wao anakimbia, wakadhani kuna hatari, nao wakatimka. "Ng'ombe wote?" Anastazia akauliza. "Wote! Yeye mbele anapiga kelele, wao nyuma wanamfuata mbio, na mimi nyuma yao wote, nakimbia na hela mkononi, nalia breki, breki, shika breki! Mtu hajui breki ni kitu gani." Mikono ya watu ilikuwa inakwenda yenyewe, majani ya limau yanaangukia limau, ya chungwa yanaangukia chungwa, hakuna anayetazama. Mwalimu akavuta pumzi. Na Mzee Filipo, chini pale, sikio zima limeelekezwa juu, akasema, "Halafu?"

Neno hilo hatukulisema hata mara moja kwa *Mirathi ya Mzee Kasonde*. Mimi nililisikia, na nilimwona Mwalimu naye amelisikia, maana uso wake ulibadilika. Alitazama boksi lake. Kisha akaanza kucheka, mwanzo kidogo, halafu mpaka akaegemea ukuta, na sisi tukacheka naye, mimi bado machozi yananitoka. "Halafu akaingia kisimani," akasema. "Na baiskeli yangu." Tulikula wote mchana ule, sombe na migebuka, na Mwalimu aliongezwa mara mbili. Mimi nilikula nimeinamia sahani. Alipoondoka alisimama mbele yangu. "Siku nyingine," akasema, "niambie ukurasa tu. Nitaubeba." Lile jani jipya alimwachia Mama Devota. La ukurasa wa arobaini na moja lilibaki nyumbani kwake, ndani ya kitabu.

Riwaya hakuandika tena. Mwaka uliofuata nilikwenda chuo cha ualimu, na aliniandikia barua, nusu ukurasa kila moja, za kuku, za mkaguzi aliyekalia kiti kibovu, za huyo mfugaji aliyejifunza baiskeli hatimaye akawa anampitia Jumapili. Zote nilizisoma mpaka mwisho. Kwenye kipaimara nilimuuliza, kwa miaka yote hii nilikuwa nikitaka kumuuliza, kama alisikitika. Akatafuna kwanza, taratibu, kwa upande wenye meno. "Nilipumzika," akasema. "Miaka sita nilikuwa nimebeba ukoo wa Kasonde mgongoni, na hata mimi sikuwapenda wale watu."

Wiki iliyopita kondakta wa gari la Karema aliniletea mzigo: kifurushi cha migebuka mikavu, na bahasha yangu. Niliifungua jikoni, nimesimama. Kwenye ukurasa wa tisa, babu yangu akiwa bado kijana anatafuta mchumba, kulikuwa na jani la tumbaku. Lilikuwa jeusi kwa uzee, limefungwa ndani ya karatasi laini ya nailoni lisivunjike, na bado lilinuka asali kwa mbali. Alikuwa ameliweka miaka karibu arobaini. Chini yake aliandika kwa mkono unaotetemeka: "Msomaji, nimeishia hapa. Babu yako hajaoa bado, nami nina miaka themanini na nne, sina uhakika kama nitaiona harusi. Ule mwaka wa bandani uko wapi?"

Nilikaa kwenye kigoda nikacheka mpaka mjukuu akaja kuniangalia. Hofu ile niliyokuwa nayo ilikuwa na haki yake, ila jani lenyewe kumbe halikuuma. Nilijisikia nimeheshimiwa kuliko nilivyowahi kuheshimiwa na mtu yeyote. Nikakaanga migebuka, nikala na ugali, nikanawa mikono, nikaweka kurasa za babu kwenye kikapu. Halafu nikaandika: Sitaanza na babu yangu.

Sura ndiyo hii. Kesho asubuhi nampa kondakta aipeleke Karema, na jani namrudishia humo humo kwenye bahasha. Sijaliweka kwenye ukurasa wowote. Nimelilaza juu, kwenye nailoni yake, na pa kuliweka anapajua mwenyewe.